Washkaji, acheni kununua kontroo boksi kwa sifa!

Najua nimewatupa, lakini tesiti zimebana na mnaijua injinia ilivyo, haina huruma. Leo sina stori ya kafteria wala ya bumu kuchelewa. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila mada ya magari ikiibuka hapa chuo, lazima atokee mshkaji aseme: "Mimi nikianza kazi tu, nachukua Altezza, natoa kontroo boksi ya kiwandani, naweka Haltech." Wa pili anamcheka, ati Haltech ni ya watoto, yeye anataka MoTeC. Wa tatu anasema Link. Halafu wanaanza kubishana Australia na New Zealand nani anatengeneza kompyuta nzuri ya injini, wakati hata mmoja wao hajawahi kushika multimita kupima betri ya gari.

Mimi napinga. Sipingi gari kukimbia, napenda mlio wa Subaru kama nyie. Napinga huu utaratibu wa kununua ubongo wa mamilioni ya shilingi na kuuning'iniza kwenye mishipa iliyooza. Na napinga zaidi sisi, watu tunaosomea umeme na mitambo, kuwa wa kwanza kushangilia upuuzi huo.

Tuanze na kazi ya hiyo kontroo boksi, manake wengi wanaisifia bila kujua. Inasoma sensa: krenki imefika wapi, hewa inaingia kiasi gani, maji yana joto gani, throto imefunguka vipi. Kisha inaamua vitu viwili vikubwa, injekta ifunguke kwa muda gani na plagi ipige moto saa ngapi. Basi. Haiongezi nguvu yenyewe. Inatoa nguvu ile tu ambayo injini, mafuta na hewa vinaruhusu.

Sasa sikilizeni hapa. Injekta ni vali ya umeme. Ukiipa volti 14 inafunguka haraka, ukiipa volti 11 inachelewa. Pampu ya mafuta nayo ni mota, volti zikishuka inasukuma kidogo. Kwa hiyo gari lenye ethi mbovu, waya mwembamba na rilei iliyoungua miguu, ukiligandamiza mafuta kwa nguvu linapata petroli pungufu wakati ule ule linapohitaji petroli nyingi. Kama lina turbo, joto linapanda, injini inaanza kugonga, pistoni inayeyuka. Kontroo boksi nzuri ina jedwali la kufidia volti kwenye injekta, ni kweli. Lakini fidia hiyo inategemea volti inayoisoma yenyewe kwenye pini yake. Kama boksi lina waya mzuri na injekta zina waya mbovu, litafidia kitu ambacho halikioni. Utalaumu MoTeC bure, kumbe mchawi ni boliti ya ethi yenye kutu.

Kuna mtu atasema, "Hayo ya Dar hayo, kwenye magari ya mashindano." Haya, twendeni kwetu.

Mimi natoka Mbinga. Baba yangu mdogo ana Noah, inapiga abiria Mbinga na Mbamba Bay. Wasiofika huko niwaeleze: Mbinga ni juu, milima ya Wamatengo, kahawa na baridi. Mbamba Bay ni chini kabisa, Ziwa Nyasa, joto na dagaa. Barabara ni lami, kilomita 66 hivi, na karibu yote ni kona na mteremko. Kuna fundi mmoja alimwekea taa nne za mbele za kuongezea, kila moja wati 55, ili aone vizuri usiku. Akaziunga kwenye waya ule ule wa taa za kiwandani. Wati 220 ukigawa kwa volti 13 unapata ampia 17 hivi, juu ya mzigo uliokuwepo. Fyuzi ikakata. Akaweka nyingine, ikakata. Mara ya tatu fundi akachukua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi, akasema, "Mzee, sasa haikati tena."

Kweli haikukata. Kilichokata ni waya. Tulikuwa tunashuka usiku na abiria wamejaa, moshi ukatoka chini ya dashibodi, taa zote zikazima kwenye kona. Baba mdogo alisimamisha kwa breki na dua, kondakta akaruka akachomoa waya wa betri. Kuna mama alikuwa na mtoto mgongoni, akashuka akakaa pembeni ya barabara, hakusema neno mpaka gari la pili lilipokuja. Hakuna aliyeumia. Lakini zingebaki sekunde kumi zaidi nisingekuwa naandika hapa.

Niambieni, hapo Haltech ingesaidia nini?

Kilichohitajika ni rilei moja, fyuzi yake yenyewe karibu na betri, waya wa unene unaotakiwa na ethi safi. Bei yake haifiki hata ya tairi moja. Fyuzi haiwekwi kulinda taa, wadau. Fyuzi inawekwa kulinda waya. Unachagua waya kwa mzigo, halafu fyuzi kwa waya. Ukigeuza huo mpango umetengeneza hita ndani ya dashibodi. Na hata fyuzi nzima msiiamini kama mungu: ya ampia 20 haikatiki papo hapo ikifika 21, inaweza kuvumilia muda mrefu. Ndiyo maana waya lazima uwe na nafasi ya ziada.

Sasa tuje kwenye yale maboksi ya kugawa umeme, PDM, ambayo washkaji wanayaota. Ni kitu kizuri, siwezi kudanganya. Badala ya fyuzi na rilei unapata boksi moja lenye swichi za kielektroniki zisizo na miguu ya kuungua. Kila njia inapimwa ampia zake muda wote. Feni ya rejeta ikikwama boksi linakata, linasubiri, linajaribu tena, na linaandika kumbukumbu ya kilichotokea. MoTeC wana PDM15 yenye njia 15 na PDM30 yenye njia 30. ECUMaster wa Poland wana PMU16 yenye njia 16. Haltech wao, kwenye Nexus R5, wameunganisha ubongo na ugawaji wa umeme kwenye boksi moja.

Kwa gari la rali hiyo ni akili. Dereva yuko porini, hana muda wa kutafuta fyuzi gizani. Lakini kwa Altezza ya kwendea kazini, au Noah ya kubeba watu na magunia, PDM ni kosa. Kwa nini? Kwa sababu likifa, limekufa na njia zote. Fyuzi ya kawaida ikikata Liuli au Lituhi saa mbili usiku unanunua nyingine kwenye duka la spea za pikipiki, au unaazima kwa dereva mwenzio. Boksi la Poland likizingua Lituhi utaazima kwa nani? Kwa wavuvi?

Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza ya kuchagua: chagua kitu ambacho fundi aliye karibu nawe anaweza kukitibu. Ukienda kwenye spea za magari yaliyokatwa utapata fyuzi boksi nzima ya Toyota, ina kifuniko kisichopitisha maji, ina rilei zake na mkia wa waya. Hiyo ndiyo PDM ya mwananchi. Ifunge vizuri, andika kila njia ni ya nini, bandika ramani ndani ya kifuniko. Umewashinda nusu ya wenye maboksi ya mamilioni.

Kanuni ya pili: hakikisha ubongo unaielewa injini yako. Kila injini ina gurudumu la meno linaloiambia kompyuta krenki iko wapi. Toyota nyingi za VVT-i zina mpangilio wa meno 36 ukitoa mawili. Subaru wana mpangilio wao wa ajabu ajabu. Boksi lisiloujua mpangilio wa injini yako ni jiwe la gharama. Uliza hilo kabla ya kuuliza rangi ya skrini.

Kanuni ya tatu, na hii ni ya sisi watu wa milimani: uliza linapima vipi hewa ya nje. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 470 na kidogo juu ya bahari. Mbinga iko zaidi ya mita 1,000. Kanieneo ya hewa, ile ile ya shule ya msingi, inapungua takribani asilimia moja kila ukipanda mita 100. Chukua mfumo unaokisia hewa kwa kuangalia throto peke yake, usio na sensa ya hewa ya nje, utunishe Mbinga ambako hewa ni nyepesi, halafu shuka nao Mbamba Bay. Hewa imekuwa nzito, petroli imebaki ile ile. Umetembea saa chache tu na injini imeshakosa mafuta kwa asilimia kadhaa. Kontroo boksi ya kiwandani ya ile Noah inafanya hesabu hiyo kila siku, bila stika wala kelele. Mnaidharau kwa sababu imekuja bure na gari.

Halafu kuna petroli yenyewe. Mnakumbuka enzi za uchakachuaji, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya. Nenda vijijini leo, bado petroli inauzwa kwenye chupa za maji. Ukikaza moto wa plagi kwa petroli ya kituo kizuri cha mjini halafu ukajaza chupa za njiani, injini itagonga tu. Kwa hiyo weka sensa pana ya oksijeni, weka sensa ya mgongo, na acha akiba. Anayekutunishia bila kuacha akiba hakupendi.

Najua mtakachonijibu. "We Mmatengo unataka tubaki nyuma, mbona Wakenya wanaweka?" Wakenya wanaweka, na wengine wanaweka vizuri. Lakini hebu tusome historia. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Magari yale hayakuwa na PDM wala skrini. Yalikuwa na watu waliojua kila waya umepita wapi. Teknolojia imebadilika, sababu ya kushinda haijabadilika: gari linalofika.

Kingine mtasema, "Basi tusijifunze teknolojia mpya?" Hapo ndipo mnaponikera zaidi! Jifunzeni, lakini kwa mikono, sio kwa pochi. MegaSquirt ilianzishwa na Wamarekani wawili, Bowling na Grippo, ili watu wajitengenezee wenyewe. Speeduino inatumia Arduino Mega, ile ile mnayowashia taa za mradi wa mwaka wa tatu. Michoro iko wazi, programu iko wazi. Kwa nini hakuna kundi hapa chuo lililochukua injini chakavu ya 3S, likaiwasha kwa boksi la kujitengenezea? Tunasubiri tupate mshahara tununue cha Mwaustralia, halafu tuite hiyo utaalamu.

Babu zetu kule Umatengo wana kilimo cha ngoro. Mlima unaporomoka, wao wanalaza majani, wanafunika kwa udongo, wanaacha mashimo ya kutuliza maji, ndipo wanapanda. Hawaanzi na mbegu ya bei mbaya. Wanaanza na namna maji yatakavyogawanyika. Hakuna aliyewafundisha kwa pawapointi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ethi kwanza. Waya, fyuzi na rilei pili. Sensa nzima na koili nzima tatu. Kama bado unataka nguvu na boksi la kiwandani linakubali kuandikwa upya, kama Subaru nyingi, liandike upya. Boksi jipya lije mwisho, likiwa na kazi ambayo la zamani limeshindwa, na la kugawa umeme likiwa na mashindano ya kwenda. Na kama una gari la kubeba watu, hizo hela za boksi rekebisha breki.

Anayepinga aje na hoja, sio na picha za magari ya Dubai. Na aje na multimita.

Naomba kuwasilisha.