Rupia za Babu Zetu Zisiyeyushwe

Mwaka 1650 katika mji wa Nuremberg, uliokuwa mji huru chini ya himaya ya Kaisari, ilipigwa sarafu ndogo ya fedha isiyokuwa duara kama ilivyo ada ya sarafu, bali ya pembe nne, upande mmoja ikichorwa mtoto aliyepanda farasi wa fimbo, na upande wa pili tai wa dola mwenye vichwa viwili. Vita vya miaka 30 vilikuwa vimekoma kwa mapatano ya 1648, na wajumbe wa falme walikuwa wamekusanyika mjini humo kutimiza masharti ya suluhu. Yasimuliwa kwamba watoto wa kiume waliviendesha vijifarasi vyao hata mlangoni pa Ottavio Piccolomini, jemadari na mjumbe wa Kaisari, naye akapendezwa nao, wakatunukiwa sarafu ile iliyoandikwa mwaka na ukumbusho wa amani.

Wajerumani waliokuja kwetu baada ya karne mbili na nusu hawakutuletea hidaya ya namna hiyo. Rupia yao, iliyoanza kupigwa mwaka 1890, ilikuwa duara, yenye uzito wa gramu 11 na ushei, na juu yake Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya vita. Kisha ikaja amri ya kodi ya nyumba ya 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na mzee wa Rungwe, ambaye utajiri wake ulikuwa ng'ombe na mahari yake ng'ombe, na ambaye migomba yake haikumdai sarafu hata moja, akawa hana budi kuitafuta rupia kwa ujira, ili airudishe kwa wale wale walioileta, katika boma la Neu-Langenburg, ambalo ndilo Tukuyu ya leo.

Yule mtoto wa Nuremberg twamfahamu hata sasa kwa kuwa sababu ya sarafu yake imechorwa juu yake, hali rupia yetu imebeba jina la Kaisari, na jasho la aliyeichuma halikuandikwa popote. Tena ina fedha safi zaidi ya sehemu 9 katika 10, na hilo ndilo linaloihatarisha, maana mnunuzi mwenye mizani huthamini gramu tu.

Kwa hiyo nawasihi jamaa wa Nkunga na wilaya nzima ya Rungwe, kila mwenye rupia sandukuni asiiuze kwa kuyeyushwa kabla hajaandika ilikuwa ya nani, naye aliipata kwa kazi gani na wapi. Walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee wakati wa likizo wakayakusanye maelezo hayo, na halmashauri iyahifadhi pamoja na picha za sarafu zenyewe, na nakala ipelekwe Makumbusho ya Taifa. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Yahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kuianza mwaka huu, wakati wangali hai waliosimuliwa na wazazi wao habari za kodi ile.