Mwenyeji wa Ziwa Nyasa Asigeuzwe Mtumishi Kwao

Kila mwaka ifikapo Juni, upepo wa mwera huvuma kutoka kusini na kulichafua Ziwa Nyasa. Juu milimani, Umatengo, baridi ya kipupwe huwakuta wakulima mashambani wakichuma kahawa. Huko kusini nako, katika Pori la Akiba la Liparamba lililo jirani na Msumbiji, nyasi hukauka, vijito hukatika na wanyama husogea penye maji yaliyosalia. Hiyo ndiyo miezi ambayo watalii hupenda kuja kutazama wanyama, kwa kuwa vichaka vimepungua majani, njia ni kavu na mbu ni wachache. Matangazo ya safari huyasifu majira hayo ya baridi kana kwamba yaliumbwa kwa ajili ya mgeni peke yake. Lakini kwa mwananchi wa Mbinga na Nyasa hayo ni majira ya kazi na jasho. Je, mgeni ajapo, mwenyeji huyu atasimama wapi?

Suala hili halikwepeki tena. Kwa miaka mingi pwani ya Nyasa ililindwa na ubovu wa njia. Lori liliteremka kutoka Mbinga kwa kubahatisha, na wakati wa masika liliweza kulala njiani. Leo barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66 inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay. Atokaye Songea hufika ziwani siku hiyo hiyo, akaona mchanga mweupe, maji maangavu na visiwa vya mawe. Akienda Liuli huliona jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri hata wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Hapo ndipo meli yao, Hermann von Wissmann, ilipoharibiwa na Waingereza Agosti 1914, vita kuu ilipokuwa imeanza tu. Mali ya namna hii haiwezi kubaki bila kutamaniwa. Mwenye fedha ameshaiona.

Yafaa basi kutazama jinsi siku inavyokwenda katika hoteli za watalii zilizoko porini. Saa kumi na moja alfajiri mfanyakazi ameshaamka, amewasha moto wa maji ya kuogea na kupeleka chai mlangoni kwa mgeni. Saa kumi na mbili gari huondoka kwenda kutafuta tembo, palahala na chui. Saa nne mgeni hurudi kula, na mchana hulala. Saa kumi gari hutoka tena, na jua linapozama mgeni hupewa kinywaji chake akiwa amelielekea pori. Usiku ni chakula, moto wa kuni na hadithi za simba. Katika mzunguko huo wote mwananchi yupo, lakini yupo kama mkono tu: mkono unaobeba sanduku, unaotandika kitanda, unaomimina. Nani aliyeweka bei ya kitanda kile? Fedha ililipwa nchi gani? Mboga zilinunuliwa wapi? Mara nyingi mkono ule haujui, wala hauulizwi.

Kazi ya kumhudumia mgeni si aibu. Aibu ni kumfanya mwenye ziwa adhani kwamba hiyo ndiyo sehemu yake yote.

Mjadala huu si mpya nchini. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji magazetini kama utalii unaweza kupatana na siasa ya kujitegemea iliyotangazwa Arusha mwaka 1967. Hoja zao na za wapinzani wao zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu mwaka 1973. Wengine walisema utalii huleta fedha za kigeni. Wengine wakajibu kwamba huleta pia kasumba ya kumnyenyekea mgeni. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na zaidi ya miaka hamsini baadaye bado wapo wanaoshika upande mmoja na kuufumbia macho wa pili.

Wapo wanaosema, "Mwekezaji aje kwa masharti yoyote, mradi vijana wapate ajira." Hao wanasahau kwamba ajira bila sauti ni kibarua, na kwamba kijana aliyenyang'anywa pwani ya babu yake hafidiwi kwa kupewa sare. Wapo pia wanaosema, "Watalii wasije kabisa." Hao nao wanakosea. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Ng'ambo, Malawi ilianzisha hifadhi ya kulinda samaki hao mwaka 1980, nayo ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1984. Kuuficha utajiri huo hakumshibishi mvuvi wa Lituhi. La lazima ni mgeni aje kwa masharti ya mwenyeji.

Sharti la kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa na kukabidhiwa mwekezaji wa nje, hairudi kijijini kirahisi. Basi kiongozi anayetia sahihi kwenye karatasi iliyoletwa na gari la kifahari, bila kuwaita wananchi chini ya mwembe, anauza kisicho chake. Afadhali kijiji kibaki na ardhi yake na kuingia ubia, kuliko kupokea fedha za mara moja zitakazoliwa kabla mwera haujatulia.

Sharti la pili ni ufuko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema. Lakini sheria njema isiwe rungu kwa chanja la usipa na zulia kwa baa ya hoteli. Kama mama anayeanika usipa ataambiwa asogee, mwenye hoteli naye asogee. Na njia ya kwenda kuteka maji, kuoga na kuegesha mitumbwi isifungwe kwa ukuta wala kwa mlinzi mwenye mbwa.

Sharti la tatu ni jiko. Ni kichekesho mgeni kulala Mbamba Bay akila samaki wa kopo, hali mbasa na magege wanavuliwa mbele ya dirisha lake. Ni kichekesho zaidi kunywa kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo, wakati milima iliyo nyuma yake imejaa mibuni. Maharage na mahindi ya Umatengo hulimwa kwa ngoro, vile vishimo vya mraba ambavyo wazee wa Kimatengo walivibuni ili kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko mikali, na ambavyo wataalamu wametoka hadi Japani kuja kujifunza. Mgeni apelekwe akaone ngoro, na jioni ale kilichotoka humo. Utalii wa namna hiyo humwacha mkulima shambani mwake na bado humpatia kipato.

Sharti la nne ni heshima ya utamaduni. Mganda na kioda ni ngoma ambazo vijiji hualikana na kushindania. Zisikatwe vipande vya dakika kumi kabla ya supu. Anayetaka kuziona aende kijijini siku ya ngoma, akae pamoja na watu.

Sharti la tano ni pori lenyewe. Liparamba lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 2000. Wananchi walio jirani na mapori ndio wanaokesha kulinda mahindi, na tembo akimaliza shamba wao ndio wanaolala njaa. Malipo ya serikali huitwa kifuta jasho, na jina hilo linakiri kwamba si fidia. Haiwezekani tembo awe mali ya taifa anapopigwa picha, kisha awe mzigo wa kijiji anapokula. Katika wilaya za Namtumbo na Tunduru, vijiji vilitenga maeneo ya hifadhi ya jamii kama Mbarang'andu na Nalika, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2002, ili mapato ya wanyama yafike kwa wananchi. Utaratibu huo una kasoro zake, lakini umeweka msingi kwamba anayeishi na mnyama ana haki juu ya faida yake.

Itaulizwa: je, wananchi wataweza kuendesha hoteli? Swali hilo lina kejeli ndani yake, lakini lijibiwe kwa ukweli. Wakulima wa Mbinga wanajua utamu na uchungu wa ushirika. Wanakumbuka jinsi MBICU ulivyoporomoka katika miaka ya 1990, baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa makampuni binafsi, na wakulima wakabaki bila pembejeo. Funzo lake si kwamba wananchi hawawezi. Funzo ni kwamba ushirika usiokaguliwa na wanachama wake huliwa. Kwa hiyo hesabu za ubia wowote zisomwe hadharani, na vijana wa pwani wapelekwe kusomea uongozi wa hoteli na uhasibu, wasiishie kwenye ufagio na trei.

Serikali za vijiji zisingoje. Mwekezaji hufika na wakili, ramani na haraka. Mwananchi asipokuwa amekutana, amepima na amekubaliana na wenzake, atajikuta akiomba ruhusa ya kupita kwenye mchanga aliozaliwa. Mgeni aje, akaribishwe, ale, afurahi, kisha aende kwao. Mwenye ziwa abaki na ziwa lake.