Faktire ya ordinatere isilale ndani ya kasha la ordinatere

Mjini Goma, karibu kila avenyu ina mtu mwenye ordinatere moja na mashine ya kuchapisha. Ndiye anaandikia wanafunzi kazi zao za mwisho, barua za kuomba kazi, hata orodha za familia zilizohama. Mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 waliingia mjini, maduka na nyumba ziliporwa. Mwenye duka akikuta leo mashine yake inauzwa sokoni, ataulizwa jambo moja: nini inaonyesha kama ni yako?

Wengi hawana la kujibu. Faktire ilikuwa ndani ya kasha, na sidi za programu katika droo ileile. Mwizi alibeba vyote kwa safari moja.

Lawama ya kwanza si ya mnunuzi. Kuna wauzaji wanaotoa kikaratasi kimeandikwa tu "ordinatere 1" na bei. Karatasi ya namna hiyo haisaidii mtu. Faktire inapaswa kuwa na jina la mnunuzi, tarehe, bei, muhuri wa duka na namba ya mashine, ile iliyoandikwa chini yake. Muuzaji akikataa kuiandika, heri kwenda kwa jirani yake. Pengine anajua mwenyewe mashine ile imetoka wapi.

Kwa programu, watu wanachanganya sidi na leseni. Sidi ni chombo tu. Haki ya kutumia Windows iko katika ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungwa na mashine hiyo. Mashine ikipotea, nayo imepotea. Lakini ile iliyonunuliwa peke yake dukani inaweza kuhamishwa kwenye mashine nyingine, mradi ufunguo na faktire vimehifadhiwa. Na sidi za kunakili za barabarani? Hazina karatasi yoyote, na mara nyingi zinaingiza virusi vinavyokula kazi ya mwanafunzi wiki moja kabla ya kuitetea. Asiye na pesa achukue LibreOffice: ni ya bure kisheria, haidai ufunguo.

Watu watasema: risasi zikilia, nani anakumbuka faktire? Ni kweli. Mama mwenye watoto watatu abebe watoto. Ndiyo sababu kazi hii ni ya siku ya utulivu. Faktire, ufunguo na namba ya mashine vipigwe picha, picha itumwe kwa ndugu aliye Kisangani au Kampala. Karatasi zenyewe ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki pamoja na kadi ya mchaguzi na diplome za watoto. Mfuko huo familia nyingi zinaujua tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Inabaki kuongeza karatasi mbili tatu.

Na wale walio kambini bila ordinatere wana telefone. Wabonyeze *#06#, itatokea namba ya tarakimu 15. Iandikwe kwenye daftari ya mtoto au nyuma ya faktire, popote, isipokuwa ndani ya telefone ileile.