Siku Mtoto Aliposoma Kanga

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulikwepa, nalo ni kuwafundisha watoto wadogo nyumbani. Ukimwambia mama amfundishe mwanawe kusoma, upesi atakujibu, "Mimi niliishia darasa la saba, nitamfundisha nini? Hiyo ni kazi ya mwalimu." Mwingine atasema hana nafasi, maana kuna kuni, maji, chakula, mtoto mgongoni na shamba linalomngoja. Majibu hayo yote ni ya kweli. Hata hivyo wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wala hawakuuliza kwanza mama ana cheti gani.

Mtakumbuka mwaka 2020. Tarehe 17 Machi shule zilifungwa nchi nzima, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya siku 100 watoto walikuwa mikononi mwetu. Vipindi vya masomo vilitangazwa redioni na kwenye televisheni, lakini mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukaa peke yake mbele ya redio akajifunza kuandika. Hapa kwetu Bagamoyo, yaani kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu na siyo mji ule wa pwani, miezi hiyo ni ya mvua kubwa. Mlima Rungwe hufunikwa na mawingu kutwa, na watoto hawapati pa kuchezea. Nyumba nyingi ziligeuka darasa bila kupenda. Nataka niwasimulie siku moja ya mwezi Mei mwaka ule, maana mafunzo yake yanatufaa hata leo ambapo shule ziko wazi.

Kusoma au kukariri?

Nilikuwa na watoto watatu nyumbani: mmoja wa darasa la kwanza, mmoja wa miaka minne, na mchanga wa mgongoni. Yule wa darasa la kwanza alikuwa akisoma kitabu chake ukurasa baada ya ukurasa bila kukwama. Mwanzoni mwa Aprili nilifunika picha kwa kiganja, nikamwambia aendelee. Akanyamaza. Nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari, hakulijua. Alikuwa amekikariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake.

Mtoto awezaye kukariri kitabu kizima si mjinga hata kidogo. Wala mwalimu si wa kulaumiwa, kwani watoto wengi wakisoma kwa sauti moja, ni vigumu kumsikia mmoja wao. Lakini jambo hili si dogo. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, walikuta kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kusoma hadithi nyepesi ya Kiswahili. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipangwa upya, mkazo ukawekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo kumsikiliza mtoto mmoja mmoja kunahitaji masikio mengi, na masikio ya mama yako karibu.

Basi nikakata boksi la sabuni, nikapata vipande 25. Juu yake niliandika silabi za herufi tano: ba be bi bo bu, kisha za k, l, m na t. Kwa vipande hivyo tu mtoto aliweza kuunda bata, meli, moto, hata kabati. Kila wiki tuliongeza herufi mbili, na irabu peke yake.

Siku yenyewe

Asubuhi hiyo ya Mei mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku. Baada ya uji, baba yao alijifunika nailoni akaenda kwenye chai. Mimi nilibandika maharage, na hapo ndipo masomo yetu yalipoanza, kwa kuwa saa ya darasa letu ilikuwa chungu: kikichemka, tunapumzika.

Mkubwa alianza kwa kuandika. Daftari lilikuwa limekwisha, kwa hiyo nilichekecha majivu ya jikoni nikayatandaza kwenye sinia, akawa anaandika kwa kidole. Akikosea, anatikisa sinia na kuanza upya. Wa miaka minne sikumshurutisha kuandika. Nilimpa bakuli la maharage ayachague, mekundu upande huu na yenye madoa upande ule. Aliyataja kwa rangi, akayahesabu mpaka 10, akarukia 13, tukacheka sote, akarudia.

Kisha tukauleta mkungu wa ndizi uliokatwa jana yake. Chana ya kwanza ilikuwa na ndizi 14, ya pili 12. Mkubwa alizimenyua zote akazipanga chini mafungu ya kumi kumi. Yakatoka mafungu mawili, zikabaki 6. "Mbili na sita," akasema, halafu akajisahihisha mwenyewe, "ishirini na sita!" Hesabu ile ya makumi na mamoja iliingia kwa ndizi ambazo mchana tulizipika mbalaga tukazila.

Saa nne hivi alifika bibi jirani yetu kuomba moto. Alinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, kama tulivyofanya wote siku zile, akaketi mbali kidogo. Bibi huyu alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto wanne. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa yalifunguliwa kila mahali, shuleni, makanisani na chini ya miti. Wengi waliofundisha hawakuwa walimu wa kusomea. Walikuwemo vijana waliomaliza darasa la saba tu. Bibi akaniambia, "Aliyenifundisha mimi alikuwa binti wa jirani. Angesema hajui kufundisha, mpaka leo ningekuwa naweka dole gumba."

Tulikuwa bado tunazungumza, mara nikasikia sauti nyuma yangu. Kanga yangu ilikuwa imeanikwa juu ya moto kwenye kamba, maana nje hapakauki kitu. Yule wa darasa la kwanza alikuwa amesimama chini yake, kichwa juu, kidole hewani. "We... ma. Wema. Ha... u... o... zi." Akarudia haraka zaidi: "Wema hauozi. Mama, kanga yako inasema wema hauozi!"

Akina mama, kanga ile hakuna mtu aliyewahi kumsomea. Haikuwa na picha ya kumsaidia, wala mwenzake wa kumfuatisha. Alisoma mwenyewe.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mbona parachichi letu lilioza? Wema ni kitu gani kisichooza?" Bibi ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwamba yule binti aliyemfundisha kusoma alikwisha kufa zamani, na hata kaburi lake liko mbali, lakini kila akifungua kitabu cha nyimbo kanisani anamkumbuka. "Huo ndio usiooza," akasema. Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akaenda kutafuta kanga nyingine ya kusoma. Maharage yalikuwa yamekaukiwa maji, lakini siku ile hakuna aliyelalamika.

Mambo ya kuzingatia

Mama uliye na watoto wadogo, nakushauri haya machache.

Kwanza, dakika 20 kila siku zinatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto akianza kupiga miayo, acha.

Pili, mpime mtoto kwa upole. Funika picha, onyesha neno moja moja, anzia mwisho wa mstari. Ukigundua anakariri, usimgombeze wala usimcheke. Mrudishe kwenye silabi.

Tatu, Kiswahili chetu husomwa kama kinavyoandikwa. Irabu ni 5, na kila moja ina sauti yake. Anza na silabi nyepesi, kisha mba, nda na nga. Zile za ng', mbw na nyw ziache mwisho.

Nne, kwetu Rungwe ulimi huteleza kati ya r na l. Mwandikie kula na kura, mahali na mahari, umwulize tofauti ya maana. Mtoto hufurahia mchezo huo kuliko kusahihishwa kila mara.

Tano, usione haya kumsimulia hadithi kwa Kinyakyusa au lugha yoyote ya nyumbani kwako. Mtoto aliyezoea kusikiliza hadithi na kutegua vitendawili, akili yake iko tayari kwa kitabu.

Sita, kama wewe mwenyewe hujui kusoma, usikate tamaa. Mwambie mkubwa amsomee mdogo, nawe ukae usikilize. Huenda mkajifunza wote.

Mafundisho ya nyumbani hayaondoi shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Nyumba na shule ni mafiga ya jiko moja. Shule zilipofunguliwa mwezi Juni nilikwenda kwa mwalimu, nikamweleza silabi ambazo mtoto amezishika na zile zinazomsumbua. Alinisikiliza kwa furaha, akampangia kukaa benchi la mbele. Nawe fanya hivyo. Walimu wengi hutamani mzazi aje kwa jambo kama hilo, si kwa ugomvi tu.

Sisi tusomao Maandiko twamfahamu Timotheo, ambaye imani yake hutajwa pamoja na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hatusomi popote kwamba wanawake hao walikuwa na ubao na chaki. Walikuwa na mtoto, na nyumba, na siku moja baada ya nyingine. Hayo hata wewe unayo.

Basi kesho ukibandika maharage, mwite mtoto jikoni. Tukutane mwezi ujao.