Gari Hufia Uvira, Halifii Ngomo

Nani kati yetu hajalala njiani? Atokaye Uvira kwenda Bukavu anajua saa ya kuondoka. Saa ya kufika haijui. Sisi wenyewe tulilala katika mlima wa Ngomo, watu kumi na wanane ndani ya gari la watu kumi na wanne, na juu yake magunia ya mchele na madumu ya mawese. Maji yalichemka, mkanda wa injini ukakatika, na dereva hakuwa na mkanda mwingine wala chombo cha kuufungia. Mama mmoja alipakata mtoto mwenye homa usiku kucha. Ndugu mmoja alikuwa akirudi kwenye machimbo ya Kamituga; alipofika, nafasi yake ilikwisha kupewa mtu mwingine. Nauli haikurudishwa hata franga moja. Tuliambiwa, "Ni bahati mbaya."

Sisi twakataa. Njia ni mbaya, kweli, na mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalituonyesha jinsi mji wetu unavyoweza kukatwa kwa usiku mmoja. Lakini Ngomo haukuota jana. Kila mwenye gari anajua kwamba baada ya joto la bonde la Ruzizi, kupita Sange na Luvungi, gari litaanza kupanda toka Kamanyola kwenda Nyangezi, na kwamba injini iliyochoka itaumbuka huko. Anayelipeleka bila maji, bila mpira wa akiba, na mzigo umepita kiasi, amekwisha kuliua kituoni. Wala tusimtukane dereva. Yeye amepangiwa fedha za kumletea tajiri jioni, na akikataa kupakia, kesho usukani utashikwa na mwingine.

Tena kukwama si kuchelewa tu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka Sange. Petroli ikamwagika, watu wakasogea, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, wake kwa waume na watoto. Basi lori la namna hiyo likilala karibu na nyumba zenu, msiende kutazama. Ondoeni watoto kwanza.

Shauri letu juu ya nauli ni hili: abiria alipe nusu Uvira, na nusu afikapo. Mvuvi wa Kalundu hapokei bei yote ya samaki ambao bado wamo ziwani. Kwa nini mwenye gari apokee bei yote ya safari ambayo haijafanyika? Matajiri watasema hawatapata fedha ya mafuta. Nusu ya nauli za watu kumi na wanane, bila kuhesabu magunia, haitoshi mafuta ya kufika Bukavu? Na mtu mmoja peke yake asijaribu kudai hivyo, maana atashushwa na kuachwa. Wadai wote waliomo garini, kabla mlango haujafungwa.

Tuliporudi Uvira tulimkuta yule aliyetukatia tikiti, mahali pale pale, akiita abiria wa Bukavu. Gari lilikuwa lile lile. Tulimwomba afungue boneti tuone mkanda. Ulikuwa mkuukuu, umetolewa katika gari jingine. Wanne kati ya waliokuwa wamepanda walishuka.