Usimwulize Mzee Aliua Wangapi

Ninacho kitabu kimoja kikuukuu, "Mau Mau General" cha Waruhiu Itote, kilichotolewa mwaka 1967. Jalada lake limeshikizwa kwa gundi, maana kimeazimwa na watu wengi hapa Malindi na hata Kilifi mjini. Kila kinaporudi huja na maneno, na maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikiandikie katika ukurasa huu wa afya.

Itote wengi humjua kama Jenerali China wa msituni. Lakini kabla ya msitu alikuwa askari wa kawaida wa Keya, aliyeandikishwa mwaka 1942 na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Kurasa hizo za Burma ndizo zinazozua mjadala.

Vijana huuliza mbona hasemi aliua wangapi. Walimu husifu pale anaposimulia kwamba chini ya mizinga Mzungu na Mwafrika walikunywa chai ile ile na majivuno ya rangi yakasahauliwa. Mzee mmoja wa Kigiriama alinirudishia kitabu bila kukifungua. Kwake yeye, Keya ni wale waliochoma nyumba na kuswaga mbuzi mwaka 1914, mwaka ule ule Kaya Fungo ilipolipuliwa kwa baruti. Sikumlaumu.

Lakini maneno yaliyonikaa moyoni ni ya bibi mmoja, Mungu amrehemu, ambaye mjukuu wake alimsomea kurasa hizo jioni baada ya jioni. Mumewe naye alikuwa Burma. Bibi akanijia na swali moja tu: "Mwanangu, huko Burma kulikuwa na mvua?"

Nikamweleza nilichokijua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua kubwa, watu na magari wakizama kwenye tope. Nikamwambia na habari ya maradhi, kwa kuwa watu huhesabu risasi tu: Jenerali Slim, aliyeongoza jeshi lile, ameandika kwamba mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa, malaria ikiwa mbele.

Bibi akanyamaza, kisha akasema: "Basi ndiyo hiyo. Sisi tulidhani ni pepo." Kila masika mumewe alikuwa akiamka usiku, anatoka na kukaa chini ya mwembe, analoa hadi alfajiri. Waganga waliitwa, ngoma zikapigwa. Watu wa mtaani walimwuliza mara nyingi Wajapani wanafananaje na aliua wangapi. Habari ya mvua hakuna aliyemwuliza.

Sisemi kwamba naweza kumpima marehemu kutoka kwenye kiti changu hiki. Ila dalili zenyewe zinajulikana. Mtu anarudiwa na tukio katika ndoto au hata akiwa macho. Anakwepa chochote kinachomkumbusha. Anashtuka ovyo, hasira ziko karibu, na wapenzi wake anawaona kama watu wa mbali. Hayo yakizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, ni ugonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Waliotoka Burma walikuwa wamekaa na kiwewe chao miaka 35 bila jina.

Na usidhani haya ni ya wazee waliokwisha kuzikwa. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa, askari wengi wakafa. Waliorudi tunaishi nao mitaani. Kijana wa namna hiyo akifika likizo, swali analopokewa nalo penye mnazi ni lile lile: umeua wangapi? Anacheka, anaongeza kata nyingine. Mnazi humpa usingizi wa saa mbili, kisha humwamsha akiwa amevurugika zaidi.

Nionavyo mimi, swali hilo ndilo linalofunga mdomo. Lakini pia kuna kosa la upande wa pili, la jamaa wenye huruma wanaomlazimisha mtu atapike yote siku ya kwanza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba aliyepatwa na tukio la kutisha asilazimishwe kulisimulia mara moja, na asipewe dawa za kutuliza za jamii ya Valium kama tiba ya mshtuko huo. Tiba iliyothibitishwa ipo, ya mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa hiyo akienda hospitali asitaje kichwa na mgongo tu. Amweleze daktari habari ya usingizi na ndoto. Mkewe akiweza, aende naye.

Nyumbani uliza madogo. Mlikuwa mkila nini? Nani alikuwa akiwachekesha? Akinyamaza, mwache anyamaze, ila usiondoke.

Yule bibi alikaa na kitabu changu wiki mbili zaidi. Hakujua kusoma. Aliniambia alitaka tu kiwepo chumbani mvua zikianza.