Mtoto akisahau somo, tusikimbilie kumwita mvivu

Wengi mnatuuliza: mbona mtoto amefundishwa leo, kesho ukimwuliza, hakuna kitu? Ni uvivu, ama ni kichwa kigumu?

Mwezi huu tumfahamu Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus (1850–1909), kati ya waanzilishi wa saikolojia ya majaribio, yaani elimu ya kuchunguza akili ya binadamu kwa kuipima. Yeye hakutafuta watu wa kuwapima, alijipima mwenyewe. Alitunga silabi kama 2,300 zisizo na maana, akawa anazikariri kwa kufuata mlio wa saa mpaka azitaje bila kosa. Halafu anangoja, anajifunza tena zilezile, na kuangalia safari hii kazi imepungua kiasi gani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885.

Aliona nini? Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Lakini baada ya mwezi mzima bado ilikuwepo kama sehemu moja ya tano. Kumbe tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha polepole. Na huyo alikuwa mtu mzima, msomi, si mtoto mvivu!

Aliona pia kwamba kurudia mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimsaidia sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja.

Basi sisi wazazi tufanye nini? Mtoto akitoka shule, tumwulize siku hiyohiyo amejifunza nini. Kesho tumwulize tena, na baada ya siku chache tena. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza, akiwa jikoni anapika. Tusingoje usiku wa kuamkia mtihani.

Na wale watoto wetu waliokatishwa shule kwa sababu ya kukimbia vita, tusiwaambie wamepoteza yote. Somo linaloonekana limesahaulika, mara nyingi limeacha kitu kichwani, na kulijifunza tena huwa rahisi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo warudi darasani, na sisi tuweke fimbo chini.

Haya, tuonane mwezi ujao.